Pamba Isiyokunywa Maji

Jumapili, katikati ya Julai. Mkolani, Mwanza.

Kumekucha kwa baridi. Upepo unavuma kutoka ziwani tangu alfajiri, mawingu yametanda lakini hayana mvua, na sisi wenye magoti ya uzee tumerudi kutoka kanisani tukitembea polepole kama watu wanaotafuta sindano iliyoanguka. Sina huzuni wala furaha ya pekee. Nina jambo moja tu kichwani, nalo ni utambi.

Najua linachekesha. Mwanamke wa umri wangu, mwalimu wa kemia mstaafu, bibi mwenye wajukuu, anakaa kuandika habari za utambi wa kifaa cha kuvutia mvuke, kile ambacho vijana wanakiita vepu. Wanaosoma ukurasa huu wamezoea niandike juu ya migomba yangu mitatu iliyotoka Kagera ikaukataa udongo wa hapa, au juu ya magomvi ya kwaya. Leo wanivumilie.

Mimi sivuti. Sijawahi. Anayevuta ni mume wangu, Masanja.

Baba Kulwa alianza sigara kabla hatujaoana. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, kazi ya kupanga madaraja, mpaka alipostaafu. Ndani ya kiwanda hakuna aliyeruhusiwa kuwasha hata kiberiti, maana pamba ikishika moto haisikii maombi. Kwa hiyo akitoka nje alivuta kama mtu anayelipiza kisasi, na kisasi hicho kikawa mazoea, na mazoea yakazeeka pamoja naye.

Mwaka huu mguu wake wa kushoto umeanza kumuuma akitembea. Akisimama unatulia, akitembea tena unauma. Daktari aliupima, akatueleza kwamba mishipa inayopeleka damu mguuni imeziba, na kwamba sigara ndiyo inayoimalizia. Akiendelea kuvuta, alisema, kinachofuata ni kidonda kisichopona, na baada ya kidonda ni kuukata. Neno hilo la mwisho alilisema kwa sauti ya chini, kama mtu asiyependa kulirudia.

Kwa hiyo kila ninapoandika utambi, msomaji asome mguu.

Alijaribu kuacha kwa mara moja. Tulipitia pipi za tangawizi, karanga, hata kutafuna mizizi aliyopewa na dada yake. Akashindwa, akawa mkali hadi kuku wakamkimbia. Ndipo Doto, pacha wetu wa pili aliyeko Dar, alipokuja likizo na kifaa hiki. Kabla ya kukiruhusu ndani ya nyumba nilikwenda kumuuliza daktari. Hakuzunguka. Alisema nikotini nayo inabana mishipa hata ikija kwa mvuke, hii si dawa, na bora kuliko vyote ni kutovuta kitu chochote. Lakini kama mzee anataka ngazi ya kushukia, basi ashuke. Asije akajenga nyumba kwenye ngazi.

Tumepanga kushuka. Kila chupa mpya ya maji yanayotiwa kwenye kifaa, nikotini inapunguzwa kidogo. Chupa zenyewe nafungia kabatini kwa ufunguo, maana kwa mtoto mdogo ile ni sumu, na wajukuu wetu huonja kila kitu.

Sasa nieleze kifaa chenyewe, kwa sababu nimeulizwa na jirani zaidi ya mmoja.

Chini kuna betri. Juu kuna kichwa kinachofunguka. Ndani ya kichwa kuna waya mwembamba uliozungushwa kama springi, unaitwa koili. Katikati ya koili unapita utambi, na ncha zake mbili zinalala kwenye kisima kidogo cha kimiminika kizito ambacho sehemu yake kubwa ni glisirini, ndugu wa ile tunayojipaka wakati wa kiangazi. Ukibonyeza, waya unapata moto, na kimiminika kilichoko kwenye utambi kinageuka mvuke. Kuna vifaa ambavyo kichwa kikichoka unakitupa na kununua kingine. Hiki cha kwetu unakijenga upya mwenyewe: unabadilisha waya, unabadilisha utambi. Doto alikichagua makusudi. Alisema, "Mzee ana muda, na mama ana miwani."

Aliyekulia na koroboi ameshaelewa nusu ya somo. Mafuta ya taa hayapandi utambi kwa sababu moto unayavuta. Yanapanda yenyewe kupitia nafasi nyembamba zilizo kati ya nyuzi, kwa sababu kimiminika hupenda kushikamana na uzi kuliko kubaki peke yake chini. Nafasi zikiwa nyembamba kiasi, kinapanda. Zikibanwa sana, hakipiti. Zikiwa pana sana, kinapanda kidogo kisha kinachoka. Na kama uzi wenyewe hautaki kushikana na kimiminika, hakuna nafasi itakayosaidia.

Utambi wa koroboi ukikauka, unaona taa inafifia na unasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Utambi wa kifaa hiki ukikauka, harufu hiyo inaingia moja kwa moja kooni. Mtu aliyeunguzwa koo mara mbili hatakwambia utambi wake ni mbovu. Atakwambia kifaa ni kibovu, atakiweka chini, atanyanyua sigara.

Hapo ndipo mguu unapoingia.

Pamba ya utambi aliyoiacha Doto ilikwisha mapema kuliko tulivyodhani. Nikaanza kutafuta. Pamba ya duka la dawa ilinywa vizuri sana, lakini ilikuwa na ladha ya dawa ya kung'arishia ambayo Baba Kulwa aliifananisha na kulamba kuta za zahanati. Vile vipande vya duara vya kufutia vipodozi nilivinunua mjini Nyamagana kwenye maduka mawili tofauti. Nilichoma kipande cha kila kimoja kwa kiberiti, nje, kwenye kisosi. Cha kwanza kiliungua kwa harufu ya karatasi kikaacha jivu laini la kijivu: hiyo ni pamba. Cha pili kilijikunja, kikayeyuka, kikaacha punje nyeusi ngumu: hiyo ni plastiki iliyovaa nguo za pamba, wala haifai kupashwa moto karibu na mapafu ya mtu. Yeyote mwenye kifaa cha namna hii afanye jaribio hilo kabla ya jingine lolote. Linahitaji kiberiti na macho tu. Utambi wa jiko la mchina, lile la mafuta ya taa, sikuujaribu. Sijui umefumwa na nini, na nisichokijua sikipeleki mdomoni mwa mume wangu.

Nilipomweleza kwamba itabidi Doto atume pamba kwa basi, Baba Kulwa alicheka mpaka akakohoa.

"Tunaishi kwenye nchi ya pamba, tunaagiza pamba Dar! Nshomile, hilo ulilisomea wapi?"

Nshomile ni jina wanalotupa sisi Wahaya, kwamba tumesoma na tunataka kila mtu ajue. Nami namwita Ngosha, nikitaka kumkumbusha kwamba nimeolewa na Msukuma na bado nina akili zangu. Tumetaniana hivyo tangu ujana na hakuna aliyeshinda.

Akampigia simu mdogo wake, Shija, ambaye bado analima kule Misungwi, na msimu wa kuvuna ndio huu. Mfuko ukafika kwa gari hadi Usagara, tukaufuata. Nilimuuliza Shija kwanza kama pamba ilipigwa dawa ya wadudu. Akasema hii imetoka kwenye kipande kilicho nyuma ya nyumba, hakipigwi dawa kwa sababu ya kuku wa mke wake. Nikaridhika.

Mwanzoni mwa wiki nikaiandaa. Niliondoa mbegu kwa mkono na takataka za majani. Magadi niliyayeyusha kwenye maji nikayachuja kwa kitambaa, maana magadi ya sokoni yana mchanga. Nilitumia sufuria ya enameli. Sufuria zetu za kawaida ni za alumini, na magadi huila alumini polepole. Kila mpika maharage ameona sufuria inavyofanya weusi. Pamba ikachemka kwa moto mdogo kama muda wa kuivisha maharage yaliyolowekwa. Maji yakawa ya manjano kama chai hafifu, yakatoa harufu ya shamba. Ile manjano ndiyo niliyokuwa naitafuta. Ni nta na mafuta ya asili yanayoufunika kila uzi wa pamba.

Kisha kusuuza. Watu wengi huharibu hapa kwa haraka. Magadi yakibaki kwenye nyuzi yanaharibu ladha na yanawasha koo. Nilisuuza mpaka maji yakaacha kuteleza vidoleni, nikapima kwa maji ya choya, yale maua mekundu ya juisi. Choya ikikutana na magadi hugeuka kijani chafu. Ikibaki na wekundu wake, umesuuza vya kutosha. Niliwafundisha watoto wa shule jaribio hilo miaka mingi, sikudhani litanifaa jikoni. Mara ya mwisho nilisuuza kwa maji ya mvua yaliyobaki kwenye simtanki, nikaianika juu ya lile jiwe kubwa lililoko nyuma ya nyumba, nikaifunika na kipande cha chandarua, kwa sababu wale wadudu wa ziwani wanaoruka kama moshi wakitua juu ya kitu kibichi hawaondoki.

Baba Kulwa alipita jikoni wakati sufuria inachemka. Akaangalia ndani. Akatoka amekunja uso.

Nilidhani mguu unamuuma.

Nilimfungia utambi mpya, akavuta siku ya kwanza, akasema ni sawa. Kisha akawa anakohoa. Kisha kifaa kikawa hakitoki mfukoni. "Hiki kimekufa," alisema, akakiacha juu ya redio. Na Ijumaa alipotoka matembezini nilipokea sweta lake nilitundike, likaniambia lenyewe kwa harufu ya sigara.

Sikuuliza. Nilitaka kwanza kujua kwa nini.

Leo baada ya kanisa, chai ikiwa mezani na yeye ameketi na mguu juu ya kigoda, nilikichukua kifaa, nikafungua kichwa mbele yake. Katikati ya koili palikuwa peusi kama mkaa. Lakini zile ncha mbili zilikuwa kavu, na hazikuwa na rangi ya pamba yangu. Pamba niliyoichemsha ni nyeupe iliyofifia, haina mng'ao. Hii ilikuwa na rangi ya maziwa ya ng'ombe wa kienyeji, na iling'aa.

"Baba Kulwa, utambi huu umeuweka wewe."

"Umejuaje?"

"Unang'aa."

"Pamba nzuri lazima ing'ae," alisema, na hakuona aibu hata kidogo. "Ile yako imekuwa kama nywele za mtu aliyetoka hospitali."

"Na utambi wangu uko wapi?"

"Niliutupa."

"Kwa sababu gani?"

Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari ya kukorogwa.

"Mama Kulwa, wewe uliitia pamba maji. Uliitia maji na magadi, ukaipika. Unajua mimi nimekataa mizigo mingapi ya watu kwa unyevu mdogo kuliko ule? Watu wameniapia kwa mama zao, wamenililia, nami nikasema rudi nayo nyumbani. Leo mke wangu anaichemsha kama maharage, halafu nivute!"

Nikaelewa. Kwa kweli ningepaswa kuelewa siku ile alipotoka jikoni.

Kwa asiyejua: mkulima mwenye tamaa hunyunyizia pamba maji ili mzigo uwe mzito. Wengine huweka mchanga, wengine chumvi. Pamba yenye maji inaoza katikati ya gunia, inaota ukungu, inakwama kwenye mashine. Kazi ya mume wangu ilikuwa kuzamisha mkono kwenye gunia hadi kwenye bega na kuhisi ubaridi. Akiuhisi, mwenye gunia ni mwizi. Hakuna mjadala. Mkono wake umefundishwa hivyo maisha yote ya kazi, na mkono haustaafu siku ile mwenyewe anapostaafu. Mimi nilipoona usafi kwenye sufuria, yeye aliona wizi.

Basi akachagua mwenyewe kutoka kwenye mfuko wa Shija, nyuzi ndefu kuliko zote, zenye mng'ao kuliko zote, kavu kabisa. Daraja la kwanza. Na zikamuunguza koo, na akarudi kwenye sigara akiamini kifaa ndicho kilichomsaliti.

Sikutaka kumhutubia. Nina tabia hiyo, watoto wangu watashuhudia. Nikaleta glasi mbili za maji. Kwenye ya kwanza nikaweka kifundo cha pamba yangu. Kikanywa maji papo hapo, kikazama. Kwenye ya pili nikaweka kifundo cha pamba yake. Kikaelea.

Akakisukuma chini kwa kidole. Kikapanda tena, kikavu mgongoni kama bata.

"Maji ya bomba hayo," akasema.

Nikaleta maji ya mvua. Kikaelea.

"Sisi hatuvuti maji. Leta ile glisirini."

Nikaleta glisirini, tone moja kwa kila kifundo. Kwenye yangu likaingia na kupotea. Kwenye yake likakaa juu, limetuna, kama jicho linalomtazama. Akainama, naye akalitazama. Walitazamana kwa muda.

"Kwa hiyo ule mng'ao..."

"Ni nta. Mmea umejipaka ili mvua isiiozeshe pamba shambani."

"Mmea una akili kuliko wakulima wangu wote," akasema.

Nikamweleza kwamba hakukosea. Kwa mnunuzi wa kiwandani, kile alichokichagua ndicho bora. Nta inazuia unyevu njiani, inasaidia nyuzi ziteleze kwenye mashine za kusokota. Na huko mbele, kabla ya kutia rangi, hata viwanda vya nguo huichemsha kwa magadi ya aina yao. Ila yeye hakuwahi kufika upande ule. Alikuwa anaiaga pamba mlangoni.

"Kwa hiyo kila shati nililovaa lilichemshwa."

"Kila moja. Na hilo la kanisani."

Akaligusa shati lake kifuani kama mtu aliyeambiwa siri ya ukoo.

Kisha akanyoosha mkono. "Lete hiyo yako."

Nilimpa kifundo kikavu cha pamba iliyochemshwa. Nilikuwa sijamwona akifanya hivi tangu astaafu. Alikishika kati ya vidole gumba viwili, akakivuta kikakatika, akaviweka vipande pamoja, akavuta tena, na tena, mpaka nyuzi zote zikalala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Akaziweka juu ya suruali yake nyeusi azipime urefu kwa macho.

"Fifi," akasema.

Kwenye ununuzi wa pamba kuna majina mawili tu, safi na fifi, na la pili hakuna mkulima anayetaka kulisikia.

"Fifi inayokunywa," nikajibu.

"Fifi inayokunywa," akakubali. "Lakini hii si pamba mbaya, Mwalimu. Nyuzi ni ndefu. Wewe ndiye uliyeisokota kama kamba ya mbuzi. Hebu tazama."

Naye akanipa somo langu. Mimi nilikuwa nachukua kifundo, nakisokota kwa nguvu ili kipenye kwenye koili, basi. Nyuzi zilikuwa zimelala ovyo, nyingine zimejifunga, na kila palipojifunga kimiminika kinasimama. Yeye aliziweka sambamba kwanza, akapunguza zile fupi, akasokota ncha tu kiasi cha kupenya. Alivuta utambi ukapita kwenye koili ukiwa umejaza nafasi lakini haubani. Ukiuvuta unakuja kwa kusita kidogo, na waya hausogei. Akakata ncha kwa mkasi wangu wa kushonea, akazichambua kwa sindano ziwe nyepesi kama manyoya ya kifaranga, akazilaza kisimani bila kuzishindilia. Nilitia kimiminika tone kwa tone. Ulikunywa mpaka katikati bila hata kuwasha betri. Utambi wangu ulikuwa haujawahi kunywa hivyo.

Waya wenyewe tulikuwa tumeubadilisha kabla ya hapo. Ule wa zamani ulishaungua. Mpya tuliupasha bila pamba, tukaubana kwa kibano mpaka ukawaka sawasawa kuanzia katikati kwenda pembeni. Nasema hili kwa sababu kuna watu huweka pamba nzuri kwenye waya mbovu halafu huilaumu pamba.

Akavuta. Nikasubiri kikohozi. Hakikuja.

"Juzi nilivuta sigara," akasema, akiangalia nje.

"Najua. Sweta liliniambia."

"Ukanyamaza?"

"Nilikuwa natafuta sababu kwanza."

"Ungenifokea tu, ingekwisha."

"Ningekufokea, ungevuta nyingine kwa hasira."

Akacheka, akasema ndiyo maana wanafunzi wangu walikuwa wananiogopa. Hatukuliongelea tena. Hakuahidi kitu, na mimi sikumwomba aahidi. Ahadi za wavutaji nazijua, wanazitoa kwa moyo mweupe kabisa.

Saa za alasiri akavaa kofia, akaenda kwenye kijiwe chake cha kahawa. Hapo ndipo penye kazi. Wale wazee wenzake wote wanavuta, na mkubwa wao ni Mzee Magesa, Mjita, aliyekuwa dereva wa malori ya kiwanda. Sigara pale haziombwi. Mtu anatoa mbili, anakupa moja bila hata kukutazama, na kuikataa ni kama kukataa kusalimiwa. Nilimwona akikata kona kwa mwendo wake wa kusimama na kwenda, kusimama na kwenda. Nikajishughulisha na migomba. Nikafua vitambaa vilivyokuwa safi.

Amerudi kabla ya giza, amechangamka. Amekaa jikoni, jambo ambalo si kawaida yake, akaanza kunisimulia kabla sijamuuliza.

"Magesa ananiambia, 'Masanja, siku hizi unatoa mvuke kama sufuria ya ugali.' Nikamwambia, wewe unajua nini? Nikakifungua pale pale mezani. Nikawaonyesha utambi."

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia, wazee, pamba mbichi hainywi. Ina nta. Lazima ichemshwe kwa magadi, isuuzwe mpaka choya ibaki nyekundu. Nikawaambia, mimi nimeshika pamba maisha yangu yote, msibishane na mimi."

"Hayo uliyajuaje, Ngosha?"

"Kazi ni uzoefu, Nshomile."

Nimeacha apite nayo. Nilimuuliza tu Magesa alisemaje. Akasema Magesa alikataa kwamba pamba inaweza kuelea, wakaomba glasi ya maji kwa mama wa kahawa, wakabishana mpaka kahawa zikapoa. Inaelekea mabishano ya wazee wanne juu ya kifundo cha pamba yamechukua nafasi ya mambo mengi. Kisha akaongeza, kwa sauti nyingine, kwamba Magesa alimnyooshea sigara kama kawaida, na kwamba yeye mikono yake ilikuwa imeshika pamba.

Hakusema kama aliipokea baadaye. Sikuuliza.

Alipokwenda kuoga nimefungua kifaa nisafishe. Kisima kimekauka karibu chote. Utambi umegeuka kahawia, kahawia ile ya sukari iliyoungua kidogo, imeenea sawasawa kutoka kwenye koili kwenda kwenye ncha. Pamba iliyoungua kikavu huwa nyeusi sehemu moja na kubaki nyeupe kwingine. Hii ilifanya kazi mchana kutwa, haikupumzika. Mtu aliyekuwa na sigara mkononi hamalizi kisima namna hiyo. Sio ushahidi wa mahakamani, lakini nimewahi kusahihisha mitihani kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

Kwa leo nimempa alama zake zote.

Mguu bado unamuuma. Hilo sitalificha hapa ili habari iwe tamu. Daktari alisema mishipa haifunguki kwa wiki, na kuna uwezekano isifunguke kabisa. Tunachoweza ni kutoiziba zaidi. Chupa inayofuata itakuwa na nguvu pungufu kuliko hii, na ile ya baada yake pungufu tena, na atakasirika, na kuku watakimbia.

Mezani kuna ujumbe wa Shija kwenye simu. Anauliza kama alete gunia zima wiki ijayo, maana shemeji yangu huyu akisikia kitu kinasaidia hajui kipimo. Nimemjibu asilete. Kilichobaki kwenye mfuko kinatosha. Nimechambua kiasi kidogo, nimekiloweka, kesho asubuhi nitakichemsha, na sitaandaa kingine mpaka hicho kiishe. Sitaki kuweka akiba ya kitu ninachoomba kila siku kiishe.